Gari Lililokula Ng'ombe Wangu

Wekesa ndugu yangu,

Jana Simiyu, yule fundi mnene uliyekuwa ukifanya naye kazi gereji ya Kitale, alinikuta sokoni hapa Bungoma nikipima maharagwe. Alisimama mbele ya magunia yangu akikunjakunja kofia mikononi kama mtu aliyetumwa kuposa, nikajua hakuja kununua maharagwe. Mwishowe akasema, "Sister, si uniambie ukweli tu. Na mimi nataka kuingia ile mashindano ya gari ya jangwani. Ilikula Wekesa kama ngapi hivi?"

Nilimwambia arudi Jumamosi, ati nina wateja. Sikuwa na mteja hata mmoja. Leo mvua imeharibu soko, nimebaki nyumbani, mkono wa kulia unaniuma kama kawaida yake ikinyesha, na nimeona nikuandikie wewe kwanza kabla sijamjibu yeye.

Najua hutasoma. Hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kusoma barua. Lakini kuna mambo ambayo nikimwambia Mama atalia, na nikimwambia Baba atatoka nje, kwa hiyo imebaki wewe, ambaye sasa huwezi kwenda popote.

Nikupe habari kwanza, maana hata mtu aliyekukosea husalimiwa. Mama yuko, magoti yanamsumbua. Simu yako ya tochi ndiyo anayotembea nayo akienda chooni, na hajui kuitumia kwa kitu kingine. Hapa mjini pikipiki zimeanza kuwafukuza watu wa boda boda za baiskeli. Ungekuwepo ungekuwa na kazi mpaka unalala na spana. Baba amelima lile zizi tupu, amepanda sukuma wiki. Imestawi ajabu. Samadi ya ng'ombe wangu bado iko chini pale, na kila jioni tunaila na ugali, mimi nikitafuna polepole.

Nimesema ng'ombe wangu. Wewe ulikuwa ukisema "ng'ombe zetu." Tuanzie hapo.

Wanyonyi aliponioa na kunipeleka Endebess, alileta ng'ombe sita. Wawili wekundu, Madoa, Pembe, Mweusi aliyekuwa akipiga teke, na Nyota mwenye doa jeupe kwenye paji. Kila mtu kwetu anajua kazi ya ng'ombe wa dada: ndio wanaomwolea kaka. Mimi nimeondoka, wao wameingia, nao wataondoka ili aingie mke wako. Sikuona ubaya. Nilijua hata nikiwa kule Endebess nainama na jembe, nyumbani kuna zizi linalonuka mimi. Na siku mambo yakiharibika, mume hukataa kumwachilia mtu mpaka arudishiwe mifugo yake. Kwa hiyo ng'ombe wale walikuwa mke wako, na walikuwa pia mlango wangu wa nyuma.

Wewe ukaoa gari.

Nakumbuka siku lilipokuingia kichwani. Ulikuwa umepelekwa kaskazini, ng'ambo ya Lodwar, na yule mkulima mkubwa wa Kitale uliyekuwa ukimtengenezea magari, yeye akashindane na matajiri wenzake, wewe ukafungue maboliti. Uliporudi ulipitia kwangu Endebess. Ulikuwa na kopo la majani ya chai, ukanimwagia mchanga kwenye kiganja. "Ona hii, dada. Haina hata jiwe moja. Gari inaogelea, bana." Midomo yako ilikuwa imepasuka kwa jua na ulikuwa unacheka. Nilikupenda sana siku ile. Nakwambia hivyo ili usidhani nimesahau.

Ukasema hao watu si mashujaa wa redio, ni watu wa kawaida tu, kila mtu anaruhusiwa kuingia akiwa na gari. Akiwa na gari! Neno dogo hilo. Wale wawili wekundu ndio waliotangulia kuuzwa, wakawa mzoga wa Lendirova uliokuwa umelala nyuma ya gereji, injini na chasi, kuku wakitaga ndani yake. Baba hakukuzuia. Alisema, "Hizo ng'ombe ni za huyu kijana za kuoa. Kama anataka kuoa gari, ni shauri yake." Watu walicheka. Hata mimi niliposimuliwa nilicheka, kwa sababu wakati huo Wanyonyi alikuwa hajaanza.

Halafu akaanza. Sitaandika yote. Nitaandika ile siku ya mkono tu, kwa sababu inakuhusu. Ugali ulikuwa na madonge, akaushika mkono wangu kwenye mwiko akaupinda mpaka ukalia. Nilifika nyumbani Bungoma nimeufunga kwa leso. Mama alinikanda maji moto. Baba alitazama ule mkono, akasema kitu ambacho baba wengi hawasemi. Akasema, "Rudisha ng'ombe za huyo mtu, ubaki hapa."

Nikaja kukutafuta. Ulikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Ulikuwa umelileta nyumbani ulimalizie kwa utulivu. Zizini walikuwa wamebaki watatu. Nikauliza Madoa yuko wapi, ukatoka chini, ukapiga kwa ngumi yale mabomba yaliyozunguka viti kama tundu. "Madoa ndio huyu," ukasema. "Gari ikipinduka, Madoa anatushikilia." Ulijivunia sana utani huo. Ulidhani ukimwita bomba kwa jina la ng'ombe, ng'ombe bado yupo.

Nilikuonyesha mkono. Nilikuomba uuze lile gari vile lilivyo, uongezee wale watatu, nirudishe sita, niwe mtu. Hukukataa. Afadhali ungekataa, ningekuchukia vizuri. Uliushika mkono wangu kwa mikono yako yenye grisi, machozi yakakutoka kabisa, ukasema, "Dada, baada ya haya tu. Sponsa wakiona naweza, watanipa pesa, nitarudisha ng'ombe mara mbili. Wewe ngoja kidogo tu, bana."

Nikangoja. Nilirudi Endebess na leso yangu, nikamwambia Wanyonyi nilikuwa nimeenda kusalimia.

Sasa nikueleze kungoja kulivyokuwa upande wangu, kwa sababu upande wako ulikuwa wa nati na boliti na ulinipigia simu kila wiki kunisimulia. Ulinisimulia jinsi mlivyofika kule jangwani mwaka wa kwanza, mkaguzi akayagonga yale mabomba, akauliza umeyatoa wapi. Ukamwambia ukweli: yamechomelewa Kipsongo, mtaa wa Kitale, na jamaa anayechomelea vitanda. Yalikuwa mabomba ya maji, Wekesa. Wewe fundi, ulijikinga kichwa kwa bomba la maji, kwa sababu sisi kwetu chuma ni chuma. Yule mkaguzi alisema gari likibiringika yatakunjika kama mirija ya soda. Hukuruhusiwa hata kuwasha injini. Mafuta ya kwenda na kurudi, chakula, ada ya kuingia ambayo hairudishwi, vyote vilikwisha, na hukuwa umekanyaga mchanga.

Ndipo Pembe akaenda, akawa mabomba yanayokubalika kutoka Eldoret. Mweusi akawa shokabu na tairi. "Dada, Mweusi bado anapiga teke," ulinipigia kuniambia, "ukipita kwa shimo unasikia." Nyota akawa mikanda ya mabega, mtungi wa kuzimia moto, ovaroli isiyoshika moto, na helmeti. Ada ya mwaka wa pili ilitoka kwenye mahindi ya Baba. Ulikuwa unanisomea masharti ya usalama kwenye simu kama padri, hiki lazima, na hiki lazima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko kule Endebess nikinong'ona, jicho moja mlangoni. Nilitamani kukuuliza kama yapo masharti ya namna hiyo ya kuingia kwenye ndoa, lakini hela yako ya simu ilikuwa inakwisha kila mara kabla sijapata nafasi.

Haya. Uliingia. Hilo silikatai na sitaki mtu alikatae. Mlikwenda wewe na Simiyu, mkaendesha, gari likameza vumbi na kukohoa, mkasimama mara nyingi kusafisha chujio la hewa, na mkafika mwisho. Wengi wenye magari ya bei kubwa hawakufika. Ulipewa kofia, ile kofia waliyopewa wote, hata wapishi. Sponsa hakuna aliyekuja. Walikupiga picha, wakakupiga bega, wakapanda magari yao.

Ulirudi nyumbani unatetemeka. Ulisema ni jua tu, mwili umechoka. Mama alisema ni malaria. Ukasema hata kama ni malaria, sisi watu wa Bungoma si tumezaliwa nayo, ukaagiza vidonge dukani. Kweli malaria tunaijua kama jirani, na ndiyo maana haikuogopwa. Kitale kwa baridi ulikaa miaka, mwili ulikuwa umemsahau huyo jirani, lakini nani angewaza hivyo? Nilipofika kutoka Endebess ulikuwa tayari hospitali, unaongea na Simiyu ambaye hakuwepo. "Kushoto. Mchanga. Shikilia. Kushoto." Nilikushika mkono, ukaniambia nitazame mbele.

Ulikuwa umelala nje kule siku zote zile, karibu na mto, chini ya gari. Ulinieleza mwenyewe kwenye simu, kwa furaha, kwamba nyota zilikuwa nyingi mpaka unaona aibu kufumba macho. Ndipo nikaanza kupitia masharti yako kichwani. Kitu cha kukukinga na moto, kipo. Cha kukukinga na mawe, kipo. Cha kukukinga gari likipinduka, kimenunuliwa mara mbili. Katika ng'ombe sita wote, Wekesa, hukuona mahali pa kutoa chandarua, ambacho unakipata kwa bei ya kuku mmoja.

Kwenye mazishi wenzako wa mashindano walileta shada kubwa la maua lenye umbo la gurudumu. Mmoja wao alishika kipaza sauti akasema ulikufa ukifanya ulichokipenda. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mimi niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba. Hukufa ukifanya ulichokipenda. Ulikufa chini ya blanketi tatu ukiwa na kiu, na ulichokipenda kilikuwa kimesimama uani, kizima, kimeoshwa, hakina hata mchubuko.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui, kwa sababu lilitokea wewe ukiwa tayari chini.

Siku ya wafiwa kunyoa nywele, ya tatu baada ya kukuzika, wazee walikaa kama ilivyo desturi, wakauliza nani anamdai marehemu na nani anadaiwa naye, ili ulale bila kuvutwa miguu. Yule mchomeleaji wa Kipsongo alitaja kidogo, akasamehe. Jirani akarudisha jeki yako. Mzee aliyeongoza akauliza kama kuna mwingine. Nikasimama. Nikasema marehemu alikula ng'ombe wangu sita.

Waliguna. Mzee mmoja akasema dada hamdai kaka ng'ombe, mwanamke ni wa kulipiwa, si wa kulipwa. Mwingine akasema, kwa huruma, kwamba kwa kuwa kijana hakuacha mke wala mtoto, basi dada apewe hilo gari, yaishe. Hapo ndipo Wanyonyi aliposimama. Alikuwa mkwe, alikuja na suti. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwona akilizunguka gari lako, akiligusa boneti, akichungulia mita. Akasema, "Wazee, mke ni wangu. Chake ni changu. Hiyo gari inakuja Endebess."

Na wazee wakaona ana haki. Fikiria. Ng'ombe wangu walikuwa wamekuwa gari, na gari lilikuwa linakwenda kwa yule yule aliyewaleta, na mimi nilikuwa niketi humo humo ndani nirudishwe kama spea. Nilihisi ubaridi mpaka kwenye mfupa huu uliovunjika. Kisha nikasikia sauti yako. Si mzimu, usijidai. Ni ule utani wako wa kipumbavu niliousikia kwenye simu kila wiki.

Nikasema sawa, achukue, lakini kwanza tuhesabu anachochukua. Nikaenda mpaka kwenye gari. Nikaweka mkono kwenye boneti nikasema, hawa ni wale wawili wekundu. Nikashika mabomba nikasema, huyu ni Pembe. Nikapiga tairi teke nikasema, huyu ni Mweusi. Nikavuta mikanda nikasema, huyu ni Nyota. Mzee kiongozi, ambaye ni kipofu wa jicho moja lakini haibiwi, akauliza, "Na Madoa?" Nikakwama, kwa sababu Madoa ni yale mabomba ya maji yaliyokataliwa. Mama akajibu kutoka jikoni, "Madoa ndio nyumba ya kuku."

Kweli ulikuwa umemjengea Mama banda kwa yale mabomba. Watu wakaanza kucheka. Wanyonyi akasema yeye hataki nyumba ya kuku. Mzee akamwambia, "Chukua, mkwe. Ni ng'ombe yako. Hizi zote si unazijua?" Akasema anazijua, ni yeye alileta. "Na zote unachukua?" Alilitazama gari, akaona heshima yake yote iko pale na watu wanangoja. Akasema, "Nachukua zote."

Mzee akafuta uso, akasema, "Basi mmesikia. Amechukua ng'ombe zake. Huyu msichana amerudi kwa babake."

Baba alienda mwenyewe kufukuza kuku, akalifunga lile banda juu ya gari kwa kamba, mafundo makubwa. Hivyo ndivyo Lendirova yako ilivyoondoka nyumbani, Wekesa, na manyoya yakipeperuka mpaka barabarani. Nasikia imekwama kwenye matope ya Endebess msimu huu wa mvua. Haina nafasi ya gunia hata moja na inakunywa mafuta kama mlevi. Helmeti haikwenda. Niliificha chini ya kitanda cha Mama. Kichwa cha Nyota kimebaki kwangu.

Kwa hiyo niko huru. Watu husema kaka yako ndiye aliyekukomboa, Mungu ana mipango. Nawaacha waseme. Lakini wewe na mimi tunajua lile gari lingeweza kunikomboa ukiwa hai, siku ile ya leso, wakati mkono ulikuwa bado unaweza kuungwa ukanyooka. Sasa nashika gorogoro, kopo la kupimia maharagwe, kwa mkono wa kushoto na wateja wanadhani nawapunja. Nimelipia kuingia kwako kwa kungoja kwangu, na kutoka kwangu kwenye ndoa nimelipia kwa kukukosa wewe. Sijui ni nani kati yetu aliyepata faida. Labda mkaguzi.

Mbele ya wazee niliulizwa kama bado ninakudai, nikasema sikudai tena. Nilisema hivyo ili kikao kifungwe na Mama akapumzike. Sikumaanisha. Bado nakudai, na nitaendelea kukudai kila mvua ikinyesha, na hakuna mtu ninayetamani kumdai uso kwa uso kama wewe. Ungekuja tu hapo mlangoni na grisi yako, ukasema "dada, ngoja kidogo," ningengoja tena, mjinga mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono.

Lala, mwana wa mama. Kaburi lako nalipalilia mwenyewe, na lile shada la gurudumu nimelitupa. Ahadi yangu ni moja. Simiyu akirudi Jumamosi kuniuliza kuingia kunagharimu nini, sitamtajia pesa. Nitamtolea helmeti niiweke juu ya maharagwe, nimwulize kwanza kama ana dada. Akisema anaye, nitamwambia huyo dada ndiye wa kuulizwa bei.

Dada yako,
Nasimiyu